Siswali Leo

Daftari nililokuwa nikiliandika nilipokuwa na miaka kumi na mitatu linasema ilikuwa Jumatatu, saa kumi kasorobo alasiri. Buni ilikuwa ikikaangwa jikoni, na harufu yake ilinifuata mpaka juu ya paa la nyumba yetu ya Bawshar, nilikokuwa nimelikumbatia dishi la televisheni, spana mkononi kama fundi. Siku hizo, katikati ya miaka ya tisini, dishi letu halikuwa na kitufe cha kuligeuza. Ukitaka stesheni nyingine unapanda, unalegeza nati, unalisukuma upana wa kidole, na mtu aliye chini anakupigia kelele kupitia dirishani. Kwetu mtu huyo alikuwa Bibi, mama yake Baba, aliyehamia Maskati kutoka Unguja akiwa mtu mzima na hakukubali hata siku moja kwamba sauti yake inawafikia majirani. "Bado! Bado! Hiyo inakuja... ee, imekimbia! Rudisha nyuma kidogo, mwanangu. Kidogo nimesema, si mpaka Bara Hindi! Hapo! Hapo hapo, usipumue!"

Kwenye mlingoti nilikuwa nimetia alama mbili kwa rangi ya kucha ya Mama. Ya kwanza ilikuwa ya Bibi, stesheni iliyoonyesha Makka, ambayo aliitazama asubuhi na jioni, tasbihi mkononi. Ya pili ilikuwa yangu, stesheni ya habari ya kigeni. Niliigundua mwaka uliotangulia nikitafuta katuni. Nilikuta pembeni mwa kioo saa inayohesabu kinyumenyume. Mimi nilizijua saa zinazokwenda mbele, zile zinazokukuta hujamaliza kazi ya shule. Sikujua kwamba saa inaweza kurudi nyuma mpaka iishe. Ilipoisha, chombo cheupe mfano wa ndege, kikiwa kimeegemea tangi kubwa la rangi ya kutu, kilisimama juu ya moto na kupaa angani na watu ndani yake. Usiku ule nilijaza kurasa mbili za maswali. Wakilala, mto unakaa? Wakilia, machozi yanadondokea wapi? Sikumwuliza mtu. Shuleni mwalimu akinitaka jibu nilipandisha mabega, na nyumbani waliniita bubu wa Bibi.

Chombo cha safari hii kilikuwa kimeahirishwa mara mbili, mara moja kwa mawingu, mara nyingine kwa kasoro ambayo sikuielewa. Mara zote mbili nilikuwa nimeiondoa Makka ya Bibi kwa kitu ambacho hakikuondoka. Akanipa neno lake mbele ya Mama: "Hii ya tatu na ya mwisho. Kikikataa leo, dishi langu haligusi mtu."

Lakini palikuwa na jambo jingine, na daftari linalitaja kwa mstari mmoja, kwa herufi ndogo kama za mchwa: "Jumamosi. Nimevunja ungo." Hata Mama sikumwambia. Kwetu msichana akivunja ungo hukabidhiwa kwa somo, mwanamke wa kumfunda, na somo wangu alijulikana tangu nilipozaliwa. Alikuwa Shangazi Thuwaiba, dada yake Baba, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na aliyekuja kunywa kahawa kila alasiri. Nilishaona alivyomfanyia binamu yangu Asila. Juma lile lile alilovunja ungo, baiskeli yake ilitolewa kwa watu, na Asila alipokanyaga ngazi ya paa kwenda kuanua nguo, Shangazi alimshika pindo la kanga. "Mwari hapandi mapaa. Watu wa barabarani wakuone nini?" Nikapiga hesabu yangu. Wakijua, dishi litageuzwa na nani? Kwa hiyo tangu Jumamosi, kila ikifika sala, nilichukua msala nikaenda chumbani, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikakaa kitandani mpaka upite muda wa mtu kuswali, kisha nikatoka nimejitanda kama mcha Mungu. Mwanamke aliye katika siku zake haswali, hilo nililijua. Kosa langu halikuwa kutoswali. Kosa langu lilikuwa yale maigizo, na yalinichoma kuliko maumivu ya tumbo.

Ilipofika saa kumi na moja sebule ilikuwa imejaa. Bibi alikaa kitini kwake, Mama akimimina kahawa, na Shangazi Thuwaiba alikuwa kwenye zulia pamoja na jirani yetu Bi Ruzuna, sahani ya halwa katikati yao.

"Haya bubu, hiyo meli yako leo inakwenda au imekuja kututania tena?" aliuliza Shangazi.

"Hata harusi ya mwanangu haikuahirishwa hivi," alisema Bi Ruzuna, "na yule bwana harusi alikuwa hana hata kazi."

Bibi alikuwa amesogeza uso karibu na kioo. "Mbona kweupe hivyo kwao? Hapa Magharibi inabisha hodi."

"Kwao asubuhi, Bibi. Jua hili linalotuzamia sisi ndilo linalowapandia wao."

Wakageuka wote kunitazama. Nadhani ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote walizowahi kuzisikia kwangu. Kisha saa ya kinyumenyume ikasimama kwenye dakika tisa, na Shangazi akapiga makofi. "Imekufa! Si nilisema?"

"Haijafa, Shangazi. Wanaisimamisha makusudi, kila mtu akague kazi yake kabla ya kuendelea."

"Basi hao wana akili," alisema Bibi. "Thuwaiba naye angesimama dakika tisa kabla ya kusema neno, tungepona wengi."

Walicheka mpaka vikombe vikalia. Saa ikaanza tena. Nane. Saba. Sita. Ilipofika tano, adhana ikatoka msikiti wa jirani, na Mama akaizima sauti ya televisheni, kama ilivyokuwa desturi ya kila nyumba. Tulikaa tukiitikia adhana kwa midomo tu, macho yangu yakiwa kwenye zile tarakimu. Adhana ilipomalizika zilibaki dakika mbili na sekunde chache, na wanawake wakainuka, kwa sababu Magharibi haingoji mtu.

"Inuka," alisema Mama. "Utakikuta kikirudi."

Shangazi alikuwa tayari ameninyooshea kanga ya kuswalia. Ningeweza kuipokea. Ningekwenda chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikakaa juu ya kitanda nikitazama ukuta, na huku sebuleni kile nilichokingoja miezi mizima kingeondoka bila shahidi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema kitu juu ya anayetaka cha mbinguni. Kumbe huyo sharti afungue mdomo.

"Siswali leo," nikasema.

Bi Ruzuna akaniwekea mkono kwenye paji la uso. "Unaumwa?"

"Siumwi. Siswali tu."

Mama akaelewa kabla ya wengine. "Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

"Jumamosi!" Shangazi alivuta pumzi ya kigelegele, akakumbuka adhana imetoka sasa hivi, akajiziba mdomo kwa kanga ile ile aliyokuwa akinipa. Uso wangu uliwaka hadi masikioni. Bibi alitutazama mmoja mmoja, akaelekea mlangoni. "Sala kwanza," alisema. "Mengine hayana mbawa." Wakatoka, nikabaki peke yangu.

Sikuthubutu kuipandisha sauti. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia Bibi akipiga takbira, na mbele yangu saa ikaingia sekunde za mwisho. Moshi mweupe ulifunguka pande zote kama kitambaa kinachotandazwa. Kile chombo kilitetemeka, na kwa kitambo nilidhani kimekataa tena. Kisha nikaona anga kati yake na ardhi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nao ule mshindo niliusikia kifuani, si masikioni. Nilisimama. Sijui nilisimama lini. Nilikuwa nikilia, na niliona wazi machozi ya hapa kwetu yanadondokea wapi.

Bibi alirudi wa kwanza, bado amejitanda. "Kimekwenda?"

"Kimekwenda, Bibi."

"Salama?"

"Salama."

"Alhamdulillahi." Picha zilikuwa zikirudiwa, akakaa akazitazama mpaka chombo kikawa nukta. "Na hao waliomo, mama zao wako wapi saa hii?" Katika maswali yangu yote, hilo sikuwa nalo. Nikaliandika. Nyuma yetu Shangazi alikuwa tayari anatoa hukumu: "Kuanzia kesho, mambo ya mapaa basi." Hakuna aliyempinga, nami nikafunga daftari.

Leo vyombo vile haviruki tena. Viko kwenye majumba ya makumbusho, watoto wanapigwa picha mbele yake. Binti yangu hutazama maroketi kwenye simu huku akipiga mswaki, na yakimpita huyarudisha nyuma kwa kidole. Alipofikia siku zake aliniandikia ujumbe kutoka shule, amemaliza kwa kikaragosi kinachocheka, nikasimamisha gari kando ya barabara nikacheka peke yangu. Sitamani arudi kwenye woga wangu. Ila sijawahi kumwona akisimama mbele ya kitu bila kujua amesimama lini, na hilo namtakia.

Jumanne ile, asubuhi ya baada ya chombo kuondoka, Mama hakunipeleka shule. Bibi aliwasha televisheni akamkuta mzungu mwenye tai anasoma hali ya hewa. "Makka yangu iko wapi?"

"Nasir ataligeuza jioni akirudi kazini Rusayl," alisema Shangazi, aliyefika mapema na doti mpya ya kanga za mwari. Nasir ni kaka yangu mkubwa.

"Nasir? Mara ile aligeuza, nikatazama mpira wiki nzima. Mpisheni mwenye alama zake."

"Lakini mama, mwari..."

"Mwari mfungeni mtandio, apande. Ninayo sala ya Kaaba kuitazama, sina muda."

Wakanifunga kanga mpya, moja kichwani, moja kiunoni, Shangazi akikaza fundo kwa hasira. Nikapanda. Chuma cha dishi kilikuwa bado kina baridi ya asubuhi. Nililegeza nati, nikatazama juu kwa muda, kusikokuwa na kitu ila weupe wa anga, na chini dirishani sauti ya Bibi ikaanza: "Bado! Bado!" Alama ilikuwa mbele ya macho yangu, upana wa kidole tu. Nikasukuma polepole.