Wasifu Niliousoma Msangano

Siku tuliyompokea kaka yangu Yoramu pale Tunduma naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Alivuka kwenda Zambia akiwa kijana, akaingia jeshini huko, na sasa alikuwa anarudi ndani ya sanduku. Wanajeshi wenzake walimsindikiza hadi mpakani, wakapiga saluti, wakatukabidhi. Tukalipandisha sanduku kwenye lori la mahindi, tukaenda naye nyumbani Msangano.

Kwetu mtu hazikwi kabla wasifu wake haujasomwa: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, ameacha nani. Baba, aliyekuwa mzee wa kanisa, akanipa mimi kazi hiyo. Nilikuwa msichana mwenye mwandiko mzuri na, tuseme ukweli, maringo ya mwandiko huo. Tena mimi ndiye niliyekuwa nikipokea barua za Yoramu.

Katika barua hizo aliniambia jambo ambalo hakumwambia mtu mwingine nyumbani. Alikuwa anaishi na mwanamke wa Kibemba, wana binti mdogo, mahari hajatoa na ndoa hawajafunga. Aliniomba niongee na baba taratibu, ili aje nao. Kila barua alikumbusha, na kila mara nilimjibu kwamba baba ana shughuli nyingi. Nilimwogopa baba, basi.

Enzi hizo kanisa letu halikumzika kwa nyimbo mtu aliyeishi na mwanamke bila ndoa. Kwa hiyo niliandika: "Marehemu hakuoa wala hakuacha mtoto." Nikasoma bila kutetemeka, watu wakalia, mchungaji akazika. Nikajipongeza moyoni kwamba nimemsitiri kaka yangu.

Siku ya tatu, tukiwa tunavunja msiba, akaingia mwanamke mgeni na mtoto mgongoni. Uso wa yule mtoto ulikuwa Yoramu mtupu. Mwanamke akanitazama, akaniita mulamu, yaani wifi.

"Mulamu, yeye alisema wewe unatujua."

Baba akanigeukia. "Binti yangu, barua zilikuwa zinakuja kwako. Alikuandikia habari za huyu?"

"Hapana, baba."

Baba mdogo akasema wasifu umeshasomwa mbele ya watu wote, marehemu hana mtoto. Huyu mama apewe uji kisha ashike njia. Uji hakuunywa. Aliondoka bila kuonyeshwa hata kaburi, nami nikaendelea kuosha vyombo.

Baba alipofariki ndipo nilipojifanya jasiri, wakati hakukuwa tena na wa kumwogopa. Nikavuka, nikaulizia kambini alikokuwa Yoramu. Nikaelekezwa kwa mstaafu mmoja aliyelala naye chumba kimoja siku za mwanzo, naye akanisimulia maisha ya ndugu yangu wa tumbo moja, mimi nikisikiliza kama mgeni. Alikuwa akishona viatu vya kikosi kizima. Alifundisha wenzake nyimbo za kwetu za Kinamwanga. Kila likizo ilipokaribia alifunga mizigo ya watu watatu, halafu akaifungua, kwa sababu alikuwa anasubiri nimpe jibu la baba. Nililia mbele ya yule mzee bila aibu.

Mkewe naye alikuwa ameshafariki. Binti yao nilimkuta Nakonde, ng'ambo tu ya Tunduma, anauza maharage, mtu mzima mwenye watoto wake. Nikamweleza yote, nikamwambia nitampeleka Msangano.

"Shangazi, Msangano napajua," akasema. "Kila mwaka nashuka gari pale, nasimama barabarani, nayatazama makaburi yenu. La baba silijui ni lipi. Mama alinikataza kuingia mpaka ndugu waniite."

Mwanangu, ndugu yako akikuaminia neno lake, usikae nalo kifuani ukingoja siku nzuri. Liseme angali hai. Mzazi atafoka, atanuna, kisha yatapita. Na ukipewa kalamu umwandike marehemu, mwandike alivyoishi, na aliowapenda uwataje kwa majina yao. Mimi nilimtafutia kaka yangu heshima ya siku moja, nikamnyima mtoto wake baba kwa miaka yote ile, na sina namna ya kuirudisha.

Mungu akupe ulimi usiojificha. Na siku yako itakapofika, akukusanyie wanao wote kaburini, asibaki hata mmoja amesimama barabarani.