Bahasha ya Mwalimu Rehema

Usiku ule nilijilaza nikiwa nimejisifu vya kutosha. Programu yangu ya kukokotoa dozi za dawa ya maji kwa wodi ya watoto ilikuwa imekamilika, na saa mbili asubuhi Sista Neema, muuguzi wa zamu, angeiwasha kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeijaribu kwa watoto ishirini wa kubuni. Kwa uvivu wangu, wote niliwaandikia uzito mmoja, kilo kumi, na majibu yakatoka safi. Nikalala fofofo.

Nikajikuta darasani kwa Mwalimu Rehema, aliyenifundisha programu chuoni. Alikuwa amefariki miezi mitatu kabla, na mazishini sikwenda. Nilisema nimebanwa na kazi, kazi hiyohiyo ya dozi. Nikamsalimia, "Shikamoo, mwalimu." Hakuitikia. Alipokuwa hai hakuwahi kuacha shikamoo ya mtu ipite bure.

Alikuwa akipanga watu mstari, kama alivyotufanyia siku zile. Kila mmoja wetu alishika namba yake. Mmoja aliteuliwa kuwa mpitaji, akapewa bahasha yenye kazi iliyoandikwa: zidisha kwa mbili, au toa tatu. Mpitaji hakuhitaji kujua hesabu. Alipita tu, na kila mtu akaifanya ile kazi kwa namba yake mwenyewe. Mwalimu akitaka jambo jingine, alibadili karatasi, mstari ukabaki uleule. Ndivyo tulivyoelewa kwamba funksheni, kile kipande cha programu kinachojua kazi moja, inaweza kukabidhiwa kwa funksheni nyingine ikiwa nzima, bado haijafanyika.

Sasa mstari ni mrefu, na darasa limekuwa korido ya wodi. Waliokaa kwenye benchi ni watoto. Wameshika vikaratasi vya uzito wao: kilo kumi na sita, kilo tisa, kilo tatu. Bahasha iko mkononi mwangu, na najua mwalimu hakunipa. Nimekuja nayo mwenyewe.

"Pita, Shomari," anasema.

Napita. Wa kilo kumi na sita anafungua bahasha: mililita nane. Wa kilo tisa: nane. Wa kilo tatu amefungwa kwenye khanga, na mama yake ameshashika kijiko.

"Ni hii hii, daktari?" ananiuliza.

Mimi si daktari. Nataka kusema hapana, lakini kichwa changu kinaitikia ndiyo, tena na tena, na siwezi kukizuia.

Mwalimu amesimama kando yangu. Ananukia chaki. Vidole vyake ni vya baridi anapoichukua bahasha.

"Nilikuomba kazi," anasema. "Umewaletea jibu la mtoto wa kwanza."

Kijiko kinapanda. Napiga kelele, sauti haitoki. Mtoto anafungua kinywa.

Niliamka saa kumi na moja alfajiri, shati limelowa. Nikafungua kompyuta, nikaandika uzito wa watoto watatu: kumi na sita, tisa, tatu. Majibu yakatoka: nane, nane, nane. Nilikuwa nimefanya hesabu mara moja, kwa mtoto wa kwanza, kisha nikakabidhi jibu lake pale palipotakiwa hesabu yenyewe. Uzito mmoja wa majaribio ulikuwa umenifichia yote.

Nilimpigia simu Sista Neema.

"Sista, usiiwashe ile programu."

"Kulikoni, kaka? Nimeshaandaa orodha ya majina yote."

"Nimekosea. Itawapa watoto wote dozi ya yule wa kwanza. Leo kokotoeni kwa mkono, tafadhali."

"Haya," akasema. "Kuna kichanga hapa wa kilo tatu, alilazwa jana jioni. Nimemwandika chini ya wakubwa wote."

Nilirekebisha ule mstari wa programu, nikajaribu tena. Nane, nne na nusu, moja na nusu. Kisha nikasema shikamoo kwa sauti, chumbani peke yangu, nikangoja. Hakuna aliyeitikia. Nikalia kilio ambacho sikwenda kulia mazishini.