Tension ya Nani?

Mama Adolphine hajui kula peke yake. Ukimkuta na bukari, ugali wetu, utanawa mikono upende usipende. Ukimkuta na dawa ya kikohozi, utanyweshwa kijiko hata kama ulikuja kuomba chumvi tu. Mimi nimepanga chumba ndani ya lupango lake, kiwanja chake chenye ukuta, hapa mtaa wa Bel-Air; cherehani yangu iko barazani, hatua chache kutoka mlango wake, kwa hiyo vijiko nimevinywa vya kutosha.

Alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Baba yake alitoka Mitwaba kuja kutafuta kazi ya shaba, na kule kambini, anavyosimulia mwenyewe, mlango wa jirani haukuwa na maana ya mlango. Sufuria ilikuwa ya kila mtu, mtoto wa kila mtu, na hata ugonjwa. Akaolewa na mtu wa reli, akazaa, akamzika mumewe, watoto wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Nyumba ikabaki kubwa na kimya, naye kimya hakiwezi. Ndipo akaomba shirika letu, jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa, liwe linasali sebuleni mwake kila Jumatano jioni.

Ana tension. Shinikizo la damu ni maneno ya redioni. Sisi tunasema tension, na hapa mtaani kila mtu mzima anayo au ana ndugu aliye nayo. Zamani alikuwa anaamka alfajiri kwenda hospitali, anakaa kwenye benchi mpaka jua la utosi, na akirudi ana hasira kuliko alivyoondoka. Halafu hospitali ikaleta mambo mapya. Walimpa mashine ndogo yenye mkanda wa kufunga mkononi. Anajipima nyumbani, mashine inazungumza na simu yake, simu inatuma namba hospitalini, na huko Docteur Israël, kijana wa sauti ya upole, anazisoma kwenye kioo. Mkono uko Bel-Air, daktari yuko mjini, na benchi hamna. Nikiri kwamba hata mimi, mtu wa kulalamika, nilipenda.

Muuguzi aliyemkabidhi alimwambia neno moja kwa mkazo: mashine hii ni yako peke yako. Mama Adolphine alielewa kwamba anaonywa juu ya wezi. Akaificha kabatini chini ya vitenge vyake vya sikukuu. Kuiazima, hata kwa mtu wa lupango, alikataa katakata. Lakini kumfunga mkanda mgeni aliyeketi kwenye kiti chake sebuleni, hilo kwake halikuwa kuazima. Lilikuwa kukaribisha.

Basi ikawa hivyo. Jumatano, baada ya wimbo wa mwisho, watu hawakuondoka. Walikunja mikono ya mashati wakapanga foleni, na mama wa watu akawafunga mkanda mmoja mmoja. Mashine ikinguruma, ikinyamaza, yeye anatabasamu: "Iko muzuri, papa. Iko muzuri, mama." Miwani yake ilikuwa chumbani. Siku moja nilimuuliza kama anaziona zile namba. Alinitazama kana kwamba nimetukana. Alisema muntu hawezi kutoka ku sala na kupewa habari mubaya.

Nilicheka. Nilidhani ni mchezo wa wazee.

Kumbe Docteur Israël huko kwenye kioo chake alikuwa anaona mwanamke mmoja ambaye tension yake inapanda na kushuka kama mwendawazimu. Alimpigia simu, akamwongezea dawa. Tension ikaendelea na vituko vyake, akaongeza tena. Mama Adolphine akaanza kuona giza kila anapoinuka. Alhamisi moja asubuhi nilimkuta amekaa chini karibu na bomba la maji, ndoo imepinduka, uso hauna damu. Nilikuwa bado ninamsukasuka nikimwita jina simu yake ilipolia mfukoni. Niliifungulia sauti.

"Mama, ni Docteur Israël. Uko wapi?"

"Niko ku lupango, docteur. Kichwa inazunguka."

"Usitembee. Tension yako ya jana magaribi ilikuwa vingt-trois sur quatorze. Ile inaweza kupasua mushipa mu kichwa. Iko nani karibu na wee?"

"Mi Dorine, docteur," nilisema. "Jirani yake."

"Mama Dorine, mupime sasa hivi. Mi nangojea."

Nilikimbia kuitoa mashine chini ya vitenge, na kwa haraka nikafunga mkanda kinyume. Mashine ikanguruma. Nilisoma namba, nikaisoma tena: tisa kwa sita, wakati ya mtu mzima mwenye afya ni kumi na mbili kwa nane. Mtu wa ishirini na tatu kwa kumi na nne jana, leo tisa, na anaona giza kwa sababu damu haina nguvu. Nilimsikia daktari akibonyeza vitufe, akizirudia namba za nyuma.

"Mama Adolphine," alisema hatimaye, "ile mashine, nani mwengine anaitumia?"

"Bantu ba shirika tu, docteur. Banakuyaka kusali."

"Bangapi?"

"Bote."

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. "Donc," alisema polepole, "kati yabo muntu moja iko na vingt-trois, na hajue. Anaweza kuanguka wakati yote. Mumutafute leo. Sasa hivi. Na wee mama, usimeze kinini ingine ya tension mpaka nikuone."

Nilihisi kichwa changu chenyewe kinauma. Hata mimi jana nilitoa mkono, hata mimi niliambiwa iko muzuri. Nilijifunga mkanda kabla ya mtu mwingine yeyote, na sioni aibu kusema hivyo. Sikuwa mimi. Nilimketisha Mama Adolphine mlangoni, nikamkataza kusogea, nikachukua mashine na simu yake, nikatoka.

Sijawahi kuogopa mtaa wetu kama siku ile. Kila nyumba niliyoingia, walicheka kwanza, wakanyoosha mkono, wakaniuliza kama sasa shirika linatembea. Nikiwaeleza, kicheko kinakatika. Bibi mmoja alinifukuza akidai ninamtafutia uchawi, kisha akaniita nirudi. Kila namba ilipotoka, ilimfikia daktari, na daktari ananiambia simuni: si huyu, endelea. Mtu mmoja alikuwa na kumi na sita, akaambiwa aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Lakini si huyu. Nilianza kuomba awe yeyote, mradi awe nyumbani.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Papa Rigobert, anayeongoza sala zetu. Mkewe, Claudine, alikuwa anachambua majani ya muhogo ya kupika sombe mlangoni. Nilimuuliza mumewe yuko wapi, na nilijitahidi sauti yangu iwe ya kawaida.

"Ameenda Mitwaba na camion, Mama Dorine. Alitoka asubui, anapeleka sabuni na chumvi. Juu ya nini?"

Nilisema nilitaka kumpima tu.

"Aa, yee ule iko bien!" alisema, akicheka. "Kichwa ilimuuma juma muzima, nikamuambia aende ku hôpital kwanza, safari itangojea. Jana anatoka ku sala, furaha mingi. Anasema: Claudine, mashine ya Mama Adolphine imesema niko muzuri. Njo maana ameenda."

Nyuma yangu nikasikia mtu anahema. Alikuwa Mama Adolphine. Alikuwa amekuja akishika kuta na nyua za watu, kitenge kimemlegea, vumbi magotini. Alikuwa ameyasikia yote.

"Mashine haikusema, Claudine," alisema. "Ni mi njo nilisema. Sikuangalia hata."

Claudine aliacha majani. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akasubiri tumwambie kwamba ni utani. Kisha akachukua simu yake akapiga. Simu ya Papa Rigobert iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Mimi nilimpigia mwenye ghala lililopakia mzigo, akanipa namba ya Michée, shofere wa lile lori. Michée hakupatikana. Tulipiga kwa zamu, sisi watatu, tumesimama juani, na kila "mteja hapatikani" nilikuwa na hamu ya kuirusha ile simu ukutani. Nilimkasirikia Mama Adolphine, nikamkasirikia muuguzi aliyesema maneno mafupi, nikaikasirikia barabara. Zaidi ya yote nilikuwa na hofu.

Michée alipokea ghafla kwenye simu yangu, kwa sauti ya mtu anayekula; nikaifungulia sauti wote wasikie.

"Tuko Likasi, mama, bado mu njia. Pneu imepasuka, tunabadilisha. Papa Rigobert? Iko mu cabine, analala. Tangu tulifika analala tu."

"Muamushe!" nilipiga kelele. "Kimbia, muamushe!"

Tulisikia hatua, mlango wa chuma, jina linaitwa mara nyingi. Michée aliporudi, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mama, anafungua macho. Lakini mudomo imeenda upande. Anataka kusema, maneno haitoke."

Daktari alikuwa anasikia kwenye simu ya Mama Adolphine. Alisema apelekwe hospitali ya pale Likasi mara moja, alazwe ubavu, asipewe maji wala kidonge chochote, na yeye atawapigia wenzake ili wamngoje mlangoni. Nilimrudishia Michée neno kwa neno. Gari la abiria lilikuwa karibu, wakamwingiza humo.

Claudine aliinyang'anya simu mkononi mwangu.

"Michée, weka simu ku sikio yake." Akangoja. "Rigo, usiseme kintu. Usikie tu. Ni mi."

Akaanza kumsimulia. Hakulia. Alimwambia sombe ya leo ni nzuri, haina mchanga. Alimwambia paa la jikoni limeanza tena kuvuja na kwamba hamruhusu fundi mwingine aliguse. Alimwambia kuku mweusi ametaga. Nyuma ya maneno yake tulisikia pumzi nzito, honi, gari linayumba. Kisha breki, na watu wa hospitali wanaambiana upesi, na mlango. Halafu sauti zote zikakatika, lakini Claudine aliendelea kuongea, macho ameyafumba, simu ameikandamiza sikioni.

Mimi nilijua, nikageuza uso nisimwambie. Mama Adolphine ndiye aliyeinuka kutoka pale alipokuwa amekaa, akaenda kumshika bega.

"Claudine, mwana wangu," alisema, "simu imekatika."