Neno la Jirani Yangu

Siku niliyofika Mwakiro, kijiji cha wazazi wangu, kutoka Tanzania nilikokulia ukimbizini, jirani yetu mjane alinikuta kwenye shamba la marehemu baba. Maharage yake yalikuwa yamestawi humo. Alinishika mkono, akasema, "Shamba yenu mi nilikamata, mwana wangu. Iko hapa."

Nilichemka. Kwa Kiswahili changu polisi ndio hukamata mwizi, na mwenye nguvu hukamata mali ya mnyonge. Sikumwuliza lolote. Enzi hizo niliwagawa watu mafungu mawili tu, wadhulumaji na waliodhulumiwa, na fungu langu nililijua. Nikaenda zangu kutunga mchezo wa kuigiza.

Tuliuonyesha uwanjani mwa kanisa baada ya ibada, sisi vijana tuliotoka Tanzania. Mimi nilikuwa mzee wa baraza, yule anayegonga fimbo chini kabla ya kukata shauri. Mwizi wangu alikuwa mjane, na kila akiulizwa swali anajibu, "Nilikamata!" Watu walicheka mpaka machozi. Nikagonga fimbo mara tatu, nikakohoa, nikaunguruma, "Kuanzia leo huna jirani!"

Jirani yetu alikuwa ameketi benchi la mbele. Aliondoka kabla ya makofi, na mimi nikaona raha. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tukaalikwa kuuonyesha Buraza, huko Gitega. Asubuhi ya safari nilipita kwa fundi cherehani Muyinga mjini kuchukua joho langu la mzee wa baraza. Akaninyooshea joho. "Kamata, monsieur."

"Nimkamate nani?"

"Kanzu yako! Shika basi, kama we unataka Kiswahili ya Tanzania. Huku mtu akikupa chai anasema kamata. Akikuachia kitu umuchungie, we umekamata."

Kumbe mama wa watu aliniambia amelishika shamba letu, amelitunza. Nikakumbuka miti ya mpaka: kila uliokauka, mwingine mchanga ulikuwa umepandwa palepale, kwenye mstari wa baba. Mwizi gani angejisumbua hivyo?

Niliwasihi wenzangu tuache. Walinicheka, gari lilikuwa linangoja. Wakaenda bila mimi, mwingine akabeba fimbo yangu, na baadaye nilisikia kwamba Buraza walishangiliwa kuliko kwetu. Mimi nilirudi Mwakiro nisijue kama jirani yetu atanifungulia.

Alifungua. Nilipiga magoti, nikakiri kosa langu kwa Kirundi changu kibovu, nikamwomba msamaha. Aliingia ndani, akatoka na kikapu cha maharage.

"Hii iko ya shamba yenu," akasema. "Kamata."

Nilikuwa bado nanyoosha mikono wakati wanawake waliotoka sokoni walipopita nje ya ua. Mmoja alisimama, akagonga mwavuli wake chini mara tatu, akaikaza sauti: "Kuanzia leo huna jirani!" Wenzake wakaangua kicheko. Sauti ilikuwa yangu hasa, hata kikohozi changu alikiiga.

Nilitaka kutoka niwanyamazishe. Mama yule akanizuia kwa mkono, akainamisha kichwa, akangoja wapite, kama mtu aliyekwisha kuzoea.