Kura Niliyoitishia Jehanamu Huko Huruma

Siku yangu ya kwanza kazini, parokia ya Makongeni, Paroko hakunipa katekisimu. Alinipa daftari la visa vya dhamiri, yaani mambo magumu ya dhambi ambayo wanateolojia wa kale wa Ulaya waliyapima moja moja.

"Katekista, kisa cha uchaguzi usome mara mbili," alisema.

Wazee wale walifundisha kwamba mpiga kura ana wajibu wa kumchagua anayefaa zaidi. Kumshawishi kwa hoja ni halali. Kwa zawadi au kwa vitisho ni dhambi. Mimi nilishika habari ya zawadi. Ya vitisho niliiruka.

Nikahamishiwa Huruma, na uchaguzi wa mwenyekiti wa baraza la parokia ukawadia. Mama Atieno, fundi cherehani, alitaka kuilinda nasari yetu, shule ya watoto wadogo ya parokia. Mpinzani wake, mzee mwenye maduka, alitaka kiwanja cha nasari kiwe vibanda vya kupangisha, na tayari alikuwa akigawa unga. Damu ilinichemka. Jumapili moja nikatangaza kanisani: "Asiyemchagua Mama Atieno asije kupokea komunyo!"

Nilijiona simba. Paroko wa Huruma akaniita kwenye chumba cha sakristia.

"Yule anashika watu kwa unga. Wewe unawashika kwa nini?"

"Kwa ukweli, Fada."

"Kwa jehanamu! Wewe ndiye mbaya zaidi. Jumapili ijayo utayarudisha maneno yako."

"Fada, nasari itakwenda!"

"Utayarudisha."

Jumapili hiyo, ambayo ndiyo ilikuwa siku ya kura, nilisimama mbele ya waumini. "Nilikosea. Komunyo si yangu kuinyima. Mchagueni mnayeona anafaa zaidi. Na aliyekula unga, unga huo haumfungi."

Kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Sasa umebonga neno, Katekista! Unga tushamanga, uko tumboni, na kura ni yetu!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mama Atieno alishinda kwa mbali, na vigelegele vikatikisa mabati. Sijawahi kufurahi hivyo maishani.

Nilistaafu nikiwa Donholm. Juzi nilipita kuiona ile nasari ya Huruma. Watoto walikuwa wakichagua kiranja. Kasichana kamoja kalimkunjia mwenzake ngumi: "Usiponichagua utaona!"

Nilicheka hadi machozi, kisha nikakainamia. "Rudisha maneno yako, halafu umwombe vizuri."

Kakayarudisha, kakaomba upya. Mikono yote ikanyooshwa juu, na wangu pia.