Wastani wa Darasa la Saba

Harufu ya vumbi la chaki lililolowa mvua hunirudisha Karatu, darasa la saba, dawati la mwisho karibu na dirisha lisilo na kioo. Nilikuwa nimetoka Olbalbal kwa baba, mfugaji, nikiishi kwa mama mdogo aliyefua mashuka ya nyumba ya wageni. Kiswahili changu kilijaa Kimaasai, na niliposoma kwa sauti wenzangu walifunika midomo.

Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa mcheshi. Alipenda kusema kwamba asiyejua hesabu huibiwa mbuzi huku amemshika mkia. Siku ya kufundisha wastani alitusimamisha watoto watano mbele ya darasa, akatupima kwa rula ya ubaoni, akajumlisha urefu wetu na kugawanya kwa tano. Mimi ndiye niliyekuwa mfupi kuliko wote. Kisha akaniambia, "Wewe keti." Akajumlisha upya, akagawanya kwa nne, namba ikawa kubwa zaidi. Darasa likapiga makofi. Nami nikapiga, maana somo nililielewa.

Mtihani wa taifa ulipokaribia, alikuja nyumbani jioni moja. Mama mdogo alimpa chai ya maziwa na kiti chetu kizuri. Akaeleza kwa upole kwamba shule ilikuwa inashindana na nyingine za tarafa, kwamba maksi zangu zingeshusha wastani wa wote, hivyo heri nisifanye mtihani, nikariri darasa mwakani.

"Mwalimu, mtoto huyu anajitahidi," mama mdogo alisema.

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Mama mdogo alitazama mikono yake iliyochubuliwa na sabuni, akakubali. Angebishanaje na mwalimu?

Siku ya mtihani nilianika mashuka huku nikisikia kengele ya shule. Matokeo yalipotoka, shuleni walichinja mbuzi, na jirani akatuletea kipande cha nyama. Niwaambie ukweli, kilikuwa kitamu. Baba aliposikia sikufanya mtihani, habari za kukariri hakuzitaka. Alinirudisha Olbalbal, na kabla mvua hazijakatika nilikuwa mke wa tatu wa mtu nisiyemjua.

Nilikutana tena na mwalimu nikiwa mama wa watoto wakubwa, kwenye mnada wa Karatu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa furaha, akauliza nilimaliza mwaka gani. Nikamwambia sikumaliza, nikamtajia darasa letu na msichana niliyekaa naye dawati moja. Uso wake ukang'aa.

"Mwaka ule tuliongoza tarafa nzima," alisema.

Jina langu hakulikumbuka. Miaka yote ile niliamini kwamba alinichukia, na imani hiyo ilinifariji kidogo, kwa kuwa mtu humchukia anayemjua. Nilimtazama akienda zake katikati ya ng'ombe, akiwasalimu watu kama mzee yeyote mwema, ndipo nikaelewa kwamba hakuwahi kunichukia.