Rangi ya Majani Makavu

Wateja wa visu vya Fundi walikuwa watu wenye vitanda vizuri nyumbani ambao Jumamosi waliviacha wakalale porini kwa hiari yao. Fundi aliwacheka, lakini aliwapenda. Walijua kisu. Hawakuuliza kama kinang'aa, waliuliza kama kitapasua kuni.

Mkewe, Mama Mipini kwa soko zima, alikaa upande wa pili wa karakana na patasi yake. Yeye mti, mumewe chuma, miaka ishirini na sita. Dirisha lilizibwa kwa gunia, maana wekundu wa chuma motoni husomwa gizani. Kisu kikitoka motoni na kuzimwa kwenye mafuta huwa kigumu, lakini huvunjika kama kioo. Kwa hiyo hupashwa tena taratibu mpaka weupe wake ugeuke rangi ya majani makavu, ndipo hutolewa. Hakukuwa na kipimo kingine ila jicho la Fundi, na jicho hilo ndilo lililowajengea nyumba.

Halafu jicho likaingia ukungu. Mama Mipini alijua siku alipoulizwa na mumewe mbona mashuka yamefuliwa ovyo, yamekuwa ya njano. Mashuka yalikuwa meupe pe.

"Twende ukapimwe, mume wangu."

"Nikapimwe nini? Uzi wa kushonea ala za visu natunga sindanoni mwenyewe."

Uzi alitungiwa na mkewe, tangu mwaka uliopita.

Mwalimu mmoja, kiongozi wa kundi la watembea msituni, aliagiza kisu kinene cha kupasulia magogo. Siku ya kukipasha, Mama Mipini aliinua macho kutoka kwenye mpini wake. Chuma kilikuwa bado cheupe, na Fundi ameshashika koleo.

"Kiache kidogo."

"Tangu lini mpini ukaufundisha ubapa?" Akakitoa.

Mama Mipini alikipokea. Alikipachika mpini, akakaza misumari mitatu ya ribiti, akapaka nta. Hasira nayo ina utamu wake: acha kimuumbue, alijisemea.

Baada ya wiki mbili mwalimu alirudi, mkono wa kulia umefungwa bendeji, kisu kiko vipande viwili ndani ya gazeti.

"Nilipiga gogo kama siku zote, fundi. Kipande kikaruka. Vidole viwili havikunjiki tena."

Fundi alivipapasa vile vipande. "Ni huu mpini, umelegea. Mke wangu mkono umeanza kuchoka."

Mpini ulikuwa umekaza kama gego la kijana. Mama Mipini aliweka patasi chini.

"Kilitolewa motoni kingali cheupe," alisema. "Nilikiona kwa macho yangu."

Mwalimu hakumtazama Fundi. Alimtazama yeye.

"Ulikiona, mama? Ukanipachikia mpini?"

Fundi alitundika koleo ukutani, akaenda nyumbani, na moto ule haukuwashwa tena.

Jicho la Fundi lilipasuliwa hospitalini mwaka huohuo, bila ubishi. Sasa Fundi anatunga uzi mwenyewe, ila hana cha kushona. Gunia limetolewa dirishani, na Mama Mipini hupachika mipini kwenye visu vya kiwandani, mwanga ukimpiga usoni.

Mwalimu hupita pale mara mojamoja, mfuko mkono wa kushoto. Husimama, akamwamkia Fundi, wakacheka kidogo. Yule ambaye hakuona alishasamehewa zamani. Aliyeona huendelea kupiga msasa, na salamu hazimfikii.